Nianze na CS50 ama ile ya MIT?

kijana_kondele: Wadau, niko kidato cha tatu hapa Kisumu, nataka kuanza kozi ya kompyuta ya chuo kabla nimalize shule. CS50 ya Harvard ama ile ya MIT ya Python, ile lugha ya kuandika programu? Laptopu ni ya bro, naipata jioni tu.

mama_mbili: Hesabu iko aje kwanza?

fundi_nakuru: CS50 ni bure, inaanza wiki sifuri na Scratch, unaburuta vipande vya programu tu, halafu wiki ya kwanza pap! lugha ya C, hiyo unaandika mwenyewe. Hapo ndio wengi hutoroka, mimi nilikwama na lile zoezi la kuchora piramidi ya Mario siku tatu nzima, kumbe ni nafasi moja tu nilisahau. Python inakuja wiki ya sita. Kama una haraka enda MIT.

kijana_kondele: Hesabu ni B, mama. Na bando je?

fundi_nakuru: Daunilodi video saiba, uje nazo kwa flashi.