Wanafunzi wanaopotea kimyakimya: walimu wa kujitegemea tupeane uzoefu

Nyuzi6 (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Mimi nafundisha gitaa, sina shule wala bosi, ni mimi na begi langu, na huu ni mwaka wa 6. Nimefungua uzi huu kwa wenzangu wanaofundisha vitu ambavyo hakuna aliyemlazimisha mtu kujifunza, yani kushona, kufuma, kuogelea, kuchora, kuendesha gari, kupanga hela, chochote mtu anachokifuata kwa mapenzi au kwa sababu maisha yamembana.

Hoja yangu ni moja. Wanafunzi wangu hawaachi, wanapotea. Mwanzo wa mwaka nakuwa nao 11, mwezi wa tatu nahesabu 4, na kati ya hao 7 hakuna hata mmoja aliyeniambia mwalimu mimi basi. Utasikia ntakucheki wiki ijayo, alafu kimya, ukimtumia meseji anaisoma halafu hajibu. Miaka yote nilikuwa najifariji kwamba watu hawana nia, wanapenda kupiga gitaa ila hawapendi kujifunza gitaa.

Sasa mwaka jana nilikuwa na kijana mmoja, miezi miwili yuko kwenye kodi ya F (siyo kodi ya nyumba jamani, ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote 6. Kila kipindi nyuzi zinakoroma, na mimi kila kipindi namwambia hujafanya mazoezi. Siku hiyo katoka nje kupokea simu, nikachukua gitaa lake nimtyunie. Aisee. Nyuzi zimekaa juu mno ya shingo, freti ya kwanza (vile vyuma vya shingoni) unabonyeza kama unaua kunguni. Mimi mwenye sugu za vidole za miaka nimeshindwa kuitoa F safi kwenye lile gitaa! Miezi miwili namuita mvivu mtu anayepigana na chombo kibovu, na yeye wala hakujua kama gitaa linaweza kuwa bovu, alijua tu yeye ndio mbovu.

Tangu siku hiyo kipindi cha kwanza naanza kwa kupiga mimi gitaa la mwanafunzi dakika 5. Na F kamili siianzi mapema, naanza na ile ndogo ya nyuzi 4 za chini, zile nyembamba. Imesaidia kiasi, ila bado wanapotea. Nyie kwenu vipi? Leteni visa vyenu, ushauri wa jumlajumla sitaki.

SindanoButu

Mkuu umenikumbusha machungu. Mimi nafundisha kushona cherehani, vikundi vya watu 5 au 6. Nilikuwa na dada mmoja mzuri sana darasani, mishono imenyooka, akaacha ghafla. Nikakutana naye baada ya miezi kadhaa, namuuliza mbona kimya, akacheka ile ya aibu, akasema mashine yangu ya nyumbani inanichukia, nimeshamgawia mdogo wangu.

Nikamchimba. Kumbe kila akishona kwake, chini ya kitambaa panatokea kiota cha uzi, vurugu tupu, anafumua anaanza upya. Kabadilisha bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), kabadilisha sindano, kapeleka kwa fundi, fundi anasema mashine nzima. Nikamuuliza ukitunga uzi ule mguu unaokandamiza kitambaa unakuwa umeinuliwa au umeshushwa? Ananiangalia. Hajui kama ina maana yoyote!

Kwa wasiojua, mguu ukiwa chini vile visahani vya juu vinavyobana uzi vinakuwa vimefunga, uzi unapita juujuu bila kuingia katikati, kwa hiyo uzi wa juu haubanwi na unajimwaga wote chini. Kila mtu analaumu bobini kwa sababu uchafu unaonekana chini, kumbe kosa liko juu. Sasa mimi kabla ya kutunga huwa nauinua mguu bila kufikiria, mkono unaenda wenyewe. Sikuwahi kusema kwa mdomo hata siku moja.

Nilichofanya, nikaweka simu juu ya meza nikajirekodi mikono tu, nashona kama kawaida, alafu nikaangalia bila sauti. Nikakuta vitu 4 navyofanya kila siku na sijawahi kuvisema: kuinua mguu kabla ya kutunga, kushika mikia ya nyuzi nyuma mwanzo wa mshono, kuzungusha gurudumu kuja upande wangu tu, na kupandisha sindano mpaka juu kabisa kabla ya kuvuta kitambaa. Niliona aibu mwenyewe. Jirekodini wakuu, ila jiandaeni kisaikolojia.

LipaMbele

Wakuu mnajilaumu bure. Mimi nafundisha udereva, watu wazima, na dawa ya kupotea nimeipata, jina langu linajieleza. Zamani nilikuwa nalipwa kipindi kwa kipindi, natoka nyumbani asubuhi naendesha nusu saa kumfuata mtu, nafika getini anasema leo nimepata dharura mwalimu, naendesha nusu saa kurudi, hapo mafuta yangu muda wangu, na yule ambaye ningempa ile saa nimeshamkatalia. Sasa ni vipindi 5 malipo mbele, na ukighairi chini ya saa 24 kipindi kimeliwa. Nawaambia siku ya kwanza, na nimewaandikia, asije mtu kuniambia hakujua. Na marafiki ndio usiseme, nifundishe kidogo tu, hicho kidogo tu kinakula Jumamosi nzima na klachi yangu juu.

Halafu hesabuni masaa yenu vizuri. Saa moja ya darasa ukijumlisha kwenda, kurudi, meseji na maandalizi inakaribia saa mbili, kwa hiyo ukipanga bei kwa saa moja umeshajiibia nusu. Mimi wanafunzi wa upande mmoja nawapanga siku moja.

SkafuPembetatu

LipaMbele kaka hapo kwenye masaa nakubaliana na wewe kabisa, na sharti la kughairi ninalo pia. Ila malipo ya mbele hayazuii mtu kupotea, yanazuia wewe kuumia tu. Mimi nafundisha kufuma, niliwahi kuwa na watu watatu wamelipa vipindi 8, wakaja 3, basi. Hela ninayo, wanafunzi sina, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniletea mtu mwingine. Na kazi hii bwana inaishi kwa watu kuletana. Mtu aliyepotea na hela yake kwako hakusemi vizuri, hata kama kosa ni lake.

Jina langu limetoka kwa mwanafunzi. Alianza skafu na mishono 30, wiki ya pili ananionyesha, imekuwa pembetatu. Kila mstari alikuwa anaruka mshono wa mwisho, maana ule wa pembeni unajificha na mgeni haoni kama ni mshono. Alikuwa ameshafuma karibu nusu mita! Nilipomwambia tufumue niliona macho yake yamebadilika, na yule ndio alikuwa wa kupotea, nakwambia nilimuona anaondoka akiwa bado amekaa kwenye kiti. Nikajitahidi nikamwambia usifumue, iache kama ilivyo, anza nyingine pembeni na weka pini ya rangi kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari. Yupo mpaka leo, ile pembetatu anajifunga kichwani.

Kingine, mashoto. Msiwakalishe pembeni yenu. Wakae mbele, uso kwa uso, wakuangalie kama kioo. Nilipoteza wawili kabla ya kujua hiki kitu rahisi namna hii.

Niliyekimbia

Samahani wakuu mimi siyo mwalimu, mimi ndio huyo mnayemsema. Nilijifunza kinanda miezi minne. Mwalimu wangu alikuwa mtu mzuri sana, mpole, hajawahi kunigombeza.

Ilikuwa hivi. Kazini mambo yakawa mengi, wiki mbili sikugusa kinanda. Siku ya kipindi nikawaza nikienda ataona, maana kile kipande nilikuwa nimemuahidi ntakuja nacho kamili. Nikatuma meseji naumwa. Wiki iliyofuata nikawa sijafanya mazoezi tena kwa sababu nilikuwa naona aibu hata kukiangalia kinanda, nikaumwa tena. Ya tatu nikasema nimesafiri. Baada ya hapo akaniandikia pole, ukiwa tayari nijulishe. Meseji nzuri tu, ila mimi ndio ikanimaliza, maana sasa ilibidi nirudi nikiwa nimefanya mazoezi ya mwezi mzima ili ule uongo uwe na maana. Sikurudi. Nikimuona barabarani navuka upande wa pili, na huu ni mwaka wa pili. Hela haikuwa shida, na ugumu wenyewe haukuwa shida.

Nyuzi6

Niliyekimbia, umenikata maini. Hiyo "ukiwa tayari nijulishe" mimi ndio meseji yangu, neno kwa neno, nilikuwa naona nampa mtu nafasi.

MajiYaKifua

Ngoja na mimi niseme kwa upande wa kuogelea maana kwetu aibu inakuja na hofu juu yake. Nafundisha watu wazima wasiojua kabisa, wengi wamepita miaka 40. Nilianza kama nilivyofundishwa mimi utotoni, shika ukingo, ingiza uso, toa mapovu, haya sasa elea. Watoto wanaelea. Watu wazima walikuwa wanakuja mara mbili basi.

Mama mmoja ndio alinifungua macho. Alikuwa anaelea vizuri tu nimemshika, nikimwachia anakakamaa, anainua kichwa, na kichwa kikipanda miguu inazama, anameza maji. Nikamuuliza unaogopa nini hasa, kuzama? Akasema hapana, naogopa kwamba nikishalala juu ya maji sijui nasimamaje. Jamani! Maji yanamfika kifuani, chini pako palepale, lakini akiwa amelala kifudifudi hana njia ya kurudi kwenye miguu yake, mwili haujui.

Kwa hiyo siku hizi somo la kwanza kabisa ni kusimama. Lala kifudifudi nimekushika mikono, vuta magoti kifuani, sukuma maji kwenda chini kwa viganja, inua kichwa, shusha miguu. Tunarudia mara 10, mara 15, mpaka anachoka. Mtu akishajua kusimama, kuelea kunakuja kwenyewe kwa sababu hakuna tena anachokilinda. Yule mama kipindi hicho hicho aliniambia niachie. Nikamwachia. Akaelea, akasimama, akanipiga kofi la bega mpaka leo nalisikia.

Na kitu kingine, watu wazima usiwachanganye na watoto saa moja. Mtoto wa miaka 7 akipita anapiga mbizi pembeni ya mtu wa miaka 50 anayetoa mapovu, huyo wa 50 humuoni tena.

DaftariLaHela

Mimi nafundisha vijana wanaoanza kujitegemea kupanga hela zao. Kwangu kupotea kulikuwa wiki ya pili kila mara, kama saa. Wiki ya kwanza nilikuwa nawapa kazi ya kuandika kila walichotumia siku 7. Wiki ya pili nusu hawaji, na waliokuja daftari ni la uongo mtupu, hakuna aliyeandika kamari, hakuna aliyeandika mkopo wa simu.

Nikabadilisha. Nikatunga mtu wa kufikirika, ana mshahara, ana madeni, ana mambo yake ya kijinga, tukawa tunamchambua yeye. Walimchana vibaya sana, hawana huruma kabisa. Wiki ya nne mmoja akanifuata baada ya kipindi akasema mwalimu yule jamaa ni mimi. Daftari lao wenyewe siliulizi tena, wakitaka wanaleta.

MpyaHapa

Naomba kuuliza walimu wa muziki, onlaini inafaa? Nina mwanafunzi wa mbali ila kwenye Zoom gitaa lake linasikika linakatikakatika.

Nyuzi6

Mkuu Zoom inadhani gitaa ni kelele inalifuta. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uwashe sauti halisi, na yeye awashe kwake. Ila msijaribu kupiga pamoja, sauti inachelewa, mtagombana bure. Piga wewe, nyamaza, apige yeye.

LipaMbele

Nimesoma yote. Pesa mbele siachi hilo mlisahau. Ila kuna mmoja gari lilimzimikia mara 9 kwenye mlima mmoja, nyuma wanapiga honi, nikacheka. Sikucheka kwa ubaya. Amebakiza vipindi 3 vimelipiwa na hajaja mwezi wa pili huu. Ntampigia, siyo meseji.

Nyuzi6

Mrejesho wakuu. Juzi nimewaandikia wale 7 wote, meseji fupi: "Njoo hivyohivyo, hata kama gitaa hujaligusa. Alhamisi saa 10 jioni nipo." Wanne kimya. Mmoja kaniambia kwa upole ameamua kuacha, na sijui kwa nini nilifurahi. Mmoja kauliza kama nanunua gitaa lake. Nimeenda kuliangalia, nyuzi ziko juu vilevile, nimemshushia hapohapo na anasema atakaa nalo wiki moja kwanza. Wa saba kajibu "hata kucha sijakata". Nimemwambia nna kikatio cha kucha kwenye begi.