Naomba ushauri: fundi vitasa wa kuaminika hapa Unguja

Asalaam aleykum jamani. Mpangaji wetu wa Mwanakwerekwe kahama na funguo zake kaondoka nazo, simu hapokei, sasa bimkubwa hataki kuhamia mule mpaka kitasa cha mlango wa mbele kibadilishwe. Nikapewa namba ya fundi, kwenye simu kasema elfu 15, kufika hata bisibisi hajatoa keshasema hichi kimeoza lazima nikitoboe kwa drili na kipya ninacho mimi, jumla elfu 90! Nikamwambia ahsante nenda zako. Ufunguo mmoja si tunao, na kitasa cha silinda unafungua skrubu ya ubavuni unabadilisha silinda tu, kutoboa kwa lipi?

Mwengine akataka kuondoka na ufunguo akauchonge kwao arudi kesho, huyo ndo kanitisha khaswa, maana ukigandamizwa kwenye kipande cha sabuni alama inabaki, mtu anachonga mwengine kama huo.

Nani anamjua fundi mwenye kibanda cha kudumu, Darajani au hukuhuku, anaefanya kazi mbele ya macho yako? Na silinda ninunue mwenyewe nimlipe ufundi tu, au nipite kwa sheha kwanza anitajie mtu?