Ruaidhri kipofu yupi? Tuni za kale za kinubi cha Kigaeli ni za nani hasa

Mleta mada:
Wadau, hili linanikera. Tuni ya kale ya kinubi kutoka Ayalandi au Uskoti ikiwa tamu, utasikia "hiyo ya Ruaidhri Dall". Yupi? "Dall" maana yake kipofu, na wapiga kinubi vipofu walioitwa Ruaidhri walikuwa wawili: Ó Catháin wa Ayalandi, aliyetembea Uskoti mwanzoni mwa karne ya 17, na Morison wa Uskoti, aliyefariki karibu 1714. "Tabhair dom do lámh", yaani "Nipe mkono wako", anapewa Ó Catháin kwa kisa cha kupatana na bibi mmoja wa kikabaila aliyemdharau. Kisa kizuri, ila msimulizi wake ni mpiga kinubi Arthur O'Neill, aliyeishi zaidi ya miaka 100 baadaye! Pasipo maandishi ya wakati wa mtunzi, tuandike "hajulikani" yaishe.

Mchangiaji 1:
Taratibu, mkuu. Wapiga kinubi wengi wa enzi hizo hawakuona, wangeandikaje? Mwanafunzi alipokea tuni kwa sikio, na jina la mwenyewe likaja nayo. Ukishikilia karatasi, karibu zote zitakuwa yatima. Hata hizi tulizonazo ni kwa hisani ya Edward Bunting, kijana wa miaka 19 aliyeajiriwa kunakili tuni kwenye tamasha la wapiga vinubi pale Belfast, Julai 1792. Walikuja wapiga vinubi 11 tu, akiwemo mzee Denis Hempson aliyepita miaka 90 na bado anadonoa nyuzi za waya kwa kucha. Ulitaka amuulize nani, kama si hao?

Mleta mada:
Awaulize, sawa. Lakini mzee akisema "nilisikia ni ya fulani", huo ni uvumi wenye heshima. Na Bunting alizichapisha kwa ajili ya piano, baada ya kuzitia mkono wake.

Mchangiaji 2:
Mnagombania jina, kumbe tatizo ni neno "kutunga". Mpiga kinubi wa Ayalandi, Turlough O'Carolan (1670–1738), alihesabiwa tuni 213 na mtafiti Donal O'Sullivan mwaka 1958. "Sí Bheag, Sí Mhór", inayosemwa kuwa ndiyo ya kwanza kwake, inafanana mno na tuni iliyokuwapo kabla yake. Mimi bado namwita mtunzi. Fundi akikata kanzu kuukuu akashona koti, koti ni lake.

Mleta mada:
Carolan nampa, tena bila kinyongo: tuni zake zilichapishwa Dublin miaka ya 1720 akiwa hai, na nyingi zina majina ya wafadhili wanaojulikana. Nileteeni ushahidi wa namna hiyo kwa Ó Catháin, hata tuni moja.

Mchangiaji 1:
Basi koti libaki kwa fundi, na kanzu tuandike "inasemekana". "Hajulikani" sikubali.