Mteja wa New York anataka hela yake, wakuu naombeni ushauri

Shanga_Kibindoni: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza vito vya urembo vya mtindo wa zamani, ofisi ni meza ya sebuleni hapa Tabata. Kuna mama wa New York kanunua seti kwa dola 180, sasa anataka zirudi zote. Hela nimeshalipia kodi. Nirudishe au nikaushe? Usiku silali.

Mjomba_Boda: Dola 180 kwa shanga? Na shahada yangu hii nabeba abiria kwa buku.

Mama_Wawili: Pole mdogo wangu. Mimi nilimtumia mtu madera Muscat, mpaka leo simu inaita tu. Tena yale ya rangi ya zambarau, mazuri hayo...

Fundi_Waya: Mleta mada, hapo umeruka kitu. Ulimwambia seti ni ya nini?

Shanga_Kibindoni: Ya zamani. Mtindo ni wa zamani kweli.

Fundi_Waya: Sijauliza mtindo. Mgongoni mwa pini pana mhuri?

Shanga_Kibindoni: Haya. Upo wa Trifari, ile kampuni ya vito ya Marekani, wenye ile alama ya ©, nilichongesha Kariakoo. Shaba niliilaza kwenye siki na chumvi mpaka ikaota ukijani. Nikaandika 1943. Lakini vijiwe nimevipanga mwenyewe kwa kibano, kimoja kimoja, gundi imenichubua vidole. Huo ni wizi? Na harusini ameshaivaa!

Fundi_Waya: Umejifunga mwenyewe. Alama hiyo imeshika kwenye vito baada ya kesi ya 1955, Trifari waliposhinda na mahakama ya Marekani ikakubali kwamba hata vito vya urembo visivyo vya dhahabu wala almasi vina hakimiliki. Halafu 1943 ni vita, metali zilibanwa kwa ajili ya jeshi, ndiyo maana pini zao nyingi za wakati ule ni fedha halisi. Wewe unampa shaba! Kinachoniuma, mkono unao. Miriam Haskell, mbunifu wa vito, alianza New York 1926, shanga zikifungwa kwa waya moja moja kwenye kibamba chenye matundu, na kazi zake za mwanzo hazikuwa na mhuri. Zilinunuliwa hivyohivyo.

Shanga_Kibindoni: Haskell hakuwa na mwenye nyumba wangu.

Ustadh_K: Rudisha. Hela hiyo haina baraka, hata kodi uliyolipa utaona mambo yake.

Kigoda_Cha_Mbele: Chai hii. Mwezi uliopita mleta mada huyuhuyu alikuwa Mbeya, anaomba ushauri wa sungura wanaoharisha.

Shanga_Kibindoni: Sungura ni wa shemeji, aliazima akaunti.

Mama_Wawili: Na mimi nimeunguza ugali kwa ajili yako! Tupia picha ya mgongo wa pini.

Shanga_Kibindoni: Chaji inaisha wakuu, narudi.

Mjomba_Boda: Hao sungura nao ni wa 1943?