Hii stima ya fyusheni (kuunganisha viini vya atomi kama lifanyavyo jua) mbona kila mwaka "iko karibu"?

mkongowea: Jamani kila nikifungua simu naona ati wanasayansi wamepata stima isiyoisha, wameunda jua dogo, halafu kimya. Ni kweli ama watuchezea tu?

fundi_likoni: Yakhe ile ya Desemba 2022 kwenye maabara ya Livermore, Marekani, ilikuwa kweli, leza zilipiga kikopo chenye kidonge cha haidrojeni kwa nishati ya megajuli 2.05 ikatoka 3.15. Lakini kwenye kichwa cha habari hawakwambii kuwasha hizo leza kulivuta kama megajuli 300 kwenye waya. Hebu piga hesabu, hiyo 3.15 haifiki hata uniti moja ya tokeni, na wao wametumia zaidi ya 80 😂

binti_kibokoni: Usibeze yote lakini, kabla ya hapo hakuna aliyewahi kutoa nishati zaidi ya ile iliyoletwa na leza, si jambo dogo hilo. Shida waandishi, waandika "faida" bila kusema faida juu ya nini.

fundi_likoni: Sawa dada. Na ITER je, ule mtambo wa fyusheni wa mataifa mengi unaojengwa Ufaransa? Ilikuwa iwashwe 2025, sasa wasema 2034, na hiyo wallahi haitoi stima, ni ya majaribio tu.

mkongowea: Kumbe! Basi bora nitafute bei ya sola.