ZaSu Pitts alikuwa wa vichekesho tu?

mpenzi_wa_bubu: Wakuu habari zenu, hivi huyu mama wa Hollywood, ZaSu Pitts, yule wa kutapatapa mikono na kasauti ka kulalamika, mi namjua kwenye komedi tu, ila jamaa kaniambia alikuwa mkali wa filamu za huzuni. Kweli?

Kachero: Kweli kabisa mkuu. Tafuta Greed ya 1924, filamu bubu ya Erich von Stroheim, kacheza mke anayeshinda bahati nasibu halafu uroho wa hela unamharibu kabisa, analala na sarafu zake kitandani, yani inatisha. Kwangu mimi hiyo ndo kazi yake bora.

mamaJ: Shida ilikuja sinema zilipoanza kuongea. 1930 alirekodiwa kama mama wa yule askari kijana kwenye filamu ya vita All Quiet on the Western Front, kwenye onyesho la majaribio watu walishamzoea kwenye komedi, wakamwona tu wakaanza kucheka, basi wakamtoa, nafasi akapewa Beryl Mercer. Inaniuma mpaka leo, alistahili ile nafasi. Baadaye mtayarishaji wa filamu Hal Roach akamuunganisha na mwigizaji Thelma Todd wakatoa filamu fupi za kuchekesha 1931 mpaka 1933.

Kachero: Umenena dada. Na TV msiisahau, 1956 hadi 1960 alikuwepo kwenye shoo ya Gale Storm, yeye ndo Nugey wa saluni ya melini. Alifariki 1963 akiwa bado anafanya kazi.

mpenzi_wa_bubu: Asanteni sana, leo usiku naanza na Greed.