Seva ya nyumbani: Raspberry Pi 5, mini ya ofisi ya mtumba, laptopu ya kioo kibovu au seva ya rafu? (Pamoja na dalili kwamba umeshaugua)

mwaya_kimara (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Mgonjwa mwenyewe, wa ugonjwa huu wa kukusanya vifaa vya kompyuta, ni mimi. Adapta za ruta ninazo, ruta zenyewe zilishakufa zamani, lakini kutupa siwezi maana "hii ni 12V 2A, itafaa siku moja". Kebo za VGA zinatosha kufungia mbuzi wa Idd wa mtaa mzima na humu ndani hakuna kioo hata kimoja cha VGA. Mgeni akiomba nywila ya waifai namuuliza kwanza anataka mtandao upi. Na juzi mke wangu amenikuta usiku nimesimama mbele ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), nahesabu kataa kale kekundu kanavyowaka na kuzima.

Nilikuwa napima umeme, jamani. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kila mwako ni wati-saa moja. Zima kila kitu nyumbani, acha kifaa kimoja tu. Kataa kakiwaka kila baada ya sekunde 36, hicho kifaa kinakula wati 100. Soma kwanza mita yako, kuna za 1600 na 3200, hesabu inabadilika.

Sasa nije kwenye hoja. Nataka mashine moja iwake saa 24. Kazi zake: kuhifadhi picha za familia (simu zote zimejaa), Jellyfin kwa filamu za watoto, Pi-hole ya kuzuia matangazo, na nafasi ya kuchezea Proxmox (mfumo wa kugawa mashine moja iwe kama kompyuta kadhaa). Ninachoweza kupata: Raspberry Pi 5 ya GB 8 (kompyuta ya ubao mmoja mdogo), mini ya Lenovo, ThinkCentre M710q Tiny ya mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha saba, ThinkPad T430 ya shemeji ambayo kioo kimepasuka, ya bure, na seva ya rafu Dell PowerEdge R710 ambayo ofisi fulani inaiondoa, nayo karibu ya bure. Moyo uko kwa R710. Nishaurini.

fundi_njiwa (Kariakoo)

Mkuu, chukua Tiny, kalale.

Nikufungulie hesabu kwa sababu hapa dukani naieleza kila siku. Mini kama hiyo ikiwa imetulia inakula kama wati 10. Kumi mara saa 24 mara siku 30 ni wati-saa 7,200, yaani yuniti 7.2 kwa mwezi. R710 yenye prosesa mbili na diski zake inakula kama wati 150 hata ikiwa haifanyi lolote. Hiyo ni yuniti 108. Kama LUKU yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, ukomo ni yuniti 75 kwa mwezi. Seva peke yake imeshavuka, bado hujawasha friji wala pasi. Ukitolewa kwenye kundi, bei ya yuniti inakaribia kuwa mara tatu, na inahesabiwa kwa nyumba nzima, siyo kwa seva tu. Kwa hiyo hiyo "karibu ya bure" ndiyo ghali kuliko zote nne.

Jambo la pili ni kwa nini mini zimejaa madukani. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya na Dubai zimeshusha mashine nzima nzima za kizazi cha sita na cha saba. Kwenye Linux hazina tatizo lolote. Sasa hivi mnunuzi ndiye mwenye sauti.

Ukienda kununua, usiwashe tu ukaona inawaka ukalipa. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uone kama kuna nywila ya msimamizi iliyoachwa na ofisi ya zamani. Ikiwepo, iache hapo hapo mezani. Fungua mfuniko uangalie kama kikalio cha diski ya inchi 2.5 na waya wake vipo, mara nyingi vinachomolewa. Adapta pia: Lenovo ni ile ncha ya mstatili, HP ni ncha ya buluu. Ukiangukia OptiPlex Micro ya Dell, hakikisha adapta ni ya Dell kweli. Ikishindwa kuitambua, inashusha mwendo wa prosesa na utafikiri umeuziwa mzigo mbovu.

raki_ya_sebuleni (Arusha)

Fundi, usimkatishe tamaa mgonjwa mwenzetu. R710 ninayo, iko chini ya ngazi, na hakuna mini itakayokufundisha ilichonifundisha. Nafasi 18 za RAM, na RAM za seva (DDR3 ya ECC) zinauzwa bei ya maandazi. Pawa saplai mbili, ukichomoa moja ikiwa inafanya kazi haitikisiki. Diski unabadilisha kwa mbele bila kuzima. Unajifunza iDRAC (ya kuiendesha seva ukiwa mbali), RAID ya maunzi (diski kadhaa zikifanya kazi kama moja), yale yale utakayoyakuta kazini kwenye chumba cha seva. Kijana aliyeomba kazi na akaweza kueleza kwa nini feni zimepanda kasi baada ya kuchomeka kadi isiyo ya Dell ana mguu mmoja ndani.

Kelele kweli zipo, ila ukitumia programu ya ipmitool unaweza kuzikamata feni kwa mkono ukazishusha. Tahadhari tu: ukishazikamata, joto likipanda hazitapanda zenyewe, kwa hiyo weka skripti ya kuangalia halijoto. Huku kwetu Julai baridi inasaidia. Kimara siwezi kuapa.

fundi_njiwa (Kariakoo)

Mkuu wa Arusha, hayo yote kweli, lakini kaomba picha za watoto na filamu, hajaomba ajira. Halafu iDRAC6 yenyewe skrini yake inadai Java ya kizamani ambayo kivinjari cha leo hakitaki hata kuiona.

raki_ya_sebuleni (Arusha)

Ndiyo maana nimetunza laptopu ya zamani yenye kivinjari cha zamani kwa ajili ya kuingilia seva ya zamani. Mwaya, iandike hiyo kwenye dalili.

kaka_wa_luthuli (Nairobi)

Niaje wadau. Mimi ni mtu wa Pi tangu zile za kwanza za 2012, na bado sitamshauri aichukue kwa kazi hizi.

Watu wanaangalia bei ya ubao peke yake. Pi 5 ya GB 8 ilitangazwa kwa dola 80 ilipotoka 2023, sawa. Ongeza chaja yake ya 5V 5A, maana chaja ya simu itakupa onyo na kubana milango ya USB. Ongeza feni, kasha, kibao cha kuwekea NVMe (diski ya kasi), na NVMe yenyewe. Fika Luthuli, mtaa wetu wa vifaa vya elektroniki, ujumlishe, umeshapita bei ya mini ambayo inakuja na kasha, feni na diski tayari.

Filamu ndizo zinamaliza hoja. Pi 5 ina kifungua HEVC cha maunzi lakini cha H.264 waliondoa (hizo ni namna mbili za kubana video), na kisimbaji cha maunzi, yaani cha kuibana upya, hakuna kabisa. Televisheni ikishindwa kucheza faili moja kwa moja, Jellyfin inabidi iigeuze kwa nguvu ya prosesa tupu. Kizazi cha saba cha Intel kina Quick Sync, sehemu maalumu ya video, kinafungua HEVC hata ya biti 10 na kusimba, na prosesa inabaki inapumzika.

Mahali Pi inashinda ni umeme: ikitulia ni wati tatu au nne hivi, kama uniti tatu kwa mwezi. Huku Kenya daraja la chini kabisa la umeme wa nyumbani linaishia uniti 30 kwa mwezi, kwa hivyo kuna watu ambao hizo uniti tatu ni kitu. Mimi yangu inafanya Pi-hole na kusoma vihisi vya tangi la maji juu ya paa, basi. Na tafadhali isiishi kwenye memori kadi. Kumbukumbu za mfumo zinaandikwa mfululizo, stima inapotea katikati ya kuandika, kadi inakufa.

mama_terabaiti (Unguja)

Asalaam alaykum. Naona ile T430 imesahauliwa kwenye kona kwa kuwa haina sura.

Laptopu ndiyo kifaa pekee katika vinne hivyo kilichokuja na betri yake. Umeme ukikatika haijui habari. Mini, Pi na hiyo seva zote zinataka UPS (betri ya akiba), na UPS ndogo ya kawaida ndani ina betri ya 12V 7Ah ya asidi ambayo kwa joto letu la pwani haidumu, na watu huja kuligundua hilo siku umeme ulipokatika. Laptopu ina kibodi yake, ina kioo hata kama kimepasuka. Mtandao ukigoma huhitaji kwenda kuazima kioo kwa jirani. Ikitulia na kioo kimezimwa, ulaji wake ni jirani na wa mini.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, betri isikae asilimia mia mwaka mzima, itavimba. ThinkPad zinakubali kuwekewa ukomo wa kuchaji, kwenye Linux tumia programu ya tlp uishie 80 au chini yake. Betri ambayo tayari imeshavimba iondoe usiiguse tena. La pili, T430 ni ya 2012, kizazi cha tatu. HEVC haiijui. Kwa picha na Pi-hole inatosha, kwa filamu za siku hizi utaisikia feni mpaka chumba cha pili.

Na hili ni la sisi wa pwani wote: chumvi. Mashine iliyo karibu na dirisha la upande wa bahari, milango ya kebo hushika kutu na feni hukwama. Iweke ndani, juu ya usawa wa sakafu, isafishwe vumbi. Ile R710 inavuta hewa nyingi mno, yaani inavuta chumvi nyingi mno.

mzee_wa_muscat (Muscat)

Naongezea joto. Huku kiangazi kinapita nyuzi 45. Wati 150 za seva ni wati 150 za joto chumbani, na kiyoyozi kinazilipa tena kuzitoa nje. Rafiki zangu wote waliokuwa na seva za rafu sasa wana mini zimebandikwa nyuma ya televisheni. Wake zao hawajui kama zipo, na hiyo nayo ni faida.

mwaya_kimara (Dar es Salaam)

Nimewasoma wote. Nimepiga hesabu ya yuniti 108 mezani na mama watoto akiwa pembeni, kikao kikaishia hapo. R710 nimeiaga.

Maswali yaliyobaki. Moja, Tiny ina nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na NVMe moja. Picha zikae wapi nisizipoteze? Mbili, intaneti yangu ni ya laini ya simu, nikiwa kazini nitaifikiaje nyumbani?

fundi_njiwa (Kariakoo)

NVMe iwe ya mfumo na Proxmox, SSD ya 2.5 iwe ya picha. Halafu diski ya nje ya USB, nakala kila usiku, na nakala nyingine ikae nje ya nyumba, hata kwa shemeji aliyekupa laptopu. Usidanganywe kwamba RAID inatosha. RAID inakulinda diski moja ikifa. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi naye hachukui diski moja.

kaka_wa_luthuli (Nairobi)

La mtandao: fungua ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Anwani ya umma mnaichangia wengi, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia. Dawa ni mashine ya nyumbani ianzishe yenyewe muunganisho kwenda nje. Tailscale, huduma ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, ni rahisi, unasajili vifaa na kulala. Ukitaka kuumia kidogo kama sisi, kodi seva ndogo mtandaoni na uunganishe kwa WireGuard (njia ya siri ya kujitengenezea mwenyewe), iko ndani ya kerneli ya Linux tangu 5.6 ya 2020. Jellyfin usiianike wazi intaneti.

Kwa UPS, usinunue ile kubwa ya kompyuta kwa ajili ya ruta. Kuna visanduku vidogo vya betri ya lithiamu vyenye tundu za 9V na 12V, ruta inakaa hewani saa kadhaa. Tiny inataka 20V kwa hivyo hiyo haitakaa humo.

mama_terabaiti (Unguja)

Nami T430 usiitupe. Ifanye ndiyo ya nakala: iwake usiku tu, ivute picha kutoka kwenye Tiny, ijizime. Betri yake hiyo hiyo inailinda isikatikiwe umeme katikati ya kuandika.

mwaya_kimara (Dar es Salaam)

Hiyo nimeipenda, dada. Tiny kesho Kariakoo, T430 ya nakala. Kuna mpangilio wowote wa BIOS nisiusahau?

fundi_njiwa (Kariakoo)

Mmoja. Tafuta "After Power Loss" uweke "Power On". Bila hivyo umeme ukirudi saa nane usiku mashine inabaki imelala, na simu za kwamba katuni hazichezi zitakupata ukiwa kazini. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, mzigo mpya unafunguliwa mapema na wagonjwa wenzako huwa wameshafika.